Kichanja cha mama kimefika London

Moshi, Aprili 2025

Mama Glory shoga angu,

Za Dodoma? Huku masika yameanza kweli kweli, mlima sijauona wiki ya pili sasa, nguo hazikauki na paka wa jirani kahamia kwenye kiti changu cha kazi, nikimtoa ananiangalia kama mimi ndo mgeni. Watoto hawajambo? Mwambie Glory mamdogo wake bado anamdai ule mchoro wa ng'ombe.

Najua umeona nimekukaushia WhatsApp. Sijakukaushia aisee, ila ulichoniuliza hakitoshi kwenye voisi ya dakika moja. Umesema umeuona ule mchoro wangu wa kahawa ukajiuliza hivi huyu mtu analipwa na wazungu kwa kuchora kichanja cha kuanikia kahawa? Afu hapo hapo unaniambia mdogo wako anataka kuacha kozi ya uhasibu aje kuchora kama mimi, mama yenu presha imepanda. Sasa ngoja nikueleze huo mchoro mmoja tu ulivyopatikana, mwanzo mpaka mwisho, utajua mwenyewe cha kumwambia.

Magazeti ya biashara yanatutafuta kwa sababu huwezi kumtuma mpiga picha akakupigie picha ya riba. Au mfumuko wa bei, au mkopo uliochacha. Atarudi na picha ya mtu kavaa suti anaangalia kompyuta. Kwa hiyo wanamwita mchoraji, na mchoraji naye ana uvivu wake: mikono inapeana, balbu imewaka, mshale unapanda, mtu yuko juu ya ngazi anaangalia mbali, na kile kibubu cha nguruwe ambacho kwetu wala hakipo, sisi kibubu ni kiboksi cha mbao kimepigiliwa misumari. Mwaka wangu wa kwanza nilichora mikono inayopeana mpaka nikawa naota mikono.

Kuna ofisi moja, siitaji, walitaka mchoro wa jalada la ripoti yao ya mwaka. Nikawapelekea mama wa sokoni Mbuyuni anahesabu chenji kwenye kanga, noti kazifunga kwenye pindo, wakasema nzuri sana, lakini bosi aonekane. Nikamweka bosi. Wakasema mbona kanuna, nikamchekesha. Wakasema tai iwe rangi ya nembo yetu. Mwisho wa siku yule mama kabaki kwenye kona kama mtu aliyekosea mlango. Na hela imekuja miezi mitatu baadaye, imekatwa asilimia 5, nikapiga simu nimewaka kama moto, kumbe ni kodi ya zuio, ipo kisheria, aibu yangu. Hiyo mwambie mdogo wako mapema, uhasibu anaoukimbia utamfuata huku huku.

Haya, ya kahawa. Februari, Ijumaa usiku, imeingia barua pepe ya mhariri wa sanaa wa gazeti moja la London. Ni makala ya bei ya kahawa, nusu ukurasa wima, skechi anazitaka Jumanne, mchoro kamili Alhamisi saa kumi na moja jioni kwao, yaani saa mbili usiku kwetu. Brifu yenyewe, yaani maelezo ya kazi, mistari sita na makala haijaisha kuandikwa. Ndo kawaida yao, mara nyingi unachora kitu ambacho mwandishi mwenyewe hajajua kitaishia wapi.

Nilichoelewa ni hivi: mwezi ule kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa imepita dola 4 kwa ratili, ratili zile za bibi zetu, haifiki hata nusu kilo. Ilikuwa haijawahi kufika huko. Sababu kubwa ukame wa Brazil, na Brazil ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, wakikohoa wao dunia nzima inatafuta leso. Mwandishi alikuwa anauliza hiyo hela inaenda kwa nani.

Mimi nikianza kazi sigusi tableti. Nachukua karatasi zilizochapwa upande mmoja, Mangi wa steshenari ananiwekea, nachora viboksi vidogo kama stempu, ishirini hivi, na kumi vya kwanza huwa ni takataka tupu, navichora ili vitoke kichwani vipishe njia. Nikachora kikombe chenye mvuke unaopanda kama mshale. Nikachora punje ya dhahabu, gunia kwenye mzani, mtu wa suti anapanda mbuni, ule mti wa kahawa, kama anapanda mnazi. Jumamosi yote imeisha hivo, na nilijua kabisa kile kikombe wiki ile wanakichora wachoraji mia duniani kote.

Jumapili nikapanda daladala nikaenda Kibosho, wala sio kwa ajili ya kazi, nilikuwa nampelekea mama dawa zake. Nimekaa kwenye lile benchi la jikoni nakunywa mtori nikamwambia mama, unajua kahawa imepanda huko duniani haijapata kutokea? Akaniangalia tu. Akasema, "Kahawa ipi? Yangu nimeshapeleka chamani tangu mwaka jana."

Shoga, nikaweka bakuli chini. Maana ni kweli, si unajua huku msimu unaanza kama Julai unaisha Desemba, wakulima wa kihamba, mashamba ya nyumbani, wanachuma, wanamenya, wanaosha, wanaanika, wanapeleka chama cha msingi cha ushirika, wanachukua malipo ya kwanza wanalipa ada ya Januari, basi. Bei inapofika kileleni Februari vichanja viko vitupu. Labda malipo ya pili yakija yatakuwa na kitu, labda. Lakini kahawa yenyewe ilishaondoka, iko kwenye maghala ya watu.

Nikatoka nje kuangalia vichanja. Unavikumbuka? Ulikuja ile Krismasi ukaniuliza kama ni vitanda vya wageni. Miguu ya miti, juu wavu wa waya, kahawa inakaa pale kama wiki mbili na mtu lazima aigeuze geuze kutwa, usiku anaifunika. Sasa kile cha kwanza karibu na zizi, mwaka juzi mbuzi alipanda juu akakitoboa, na mama akakishona kwa kamba ya katani. Nimekiona kile kitu miaka miwili sijawahi kukiangalia. Wavu wenyewe ni vimraba vimraba kama daftari la hesabu. Ule mshono unaanzia chini kushoto, unatambaa, unapanda kidogo, unashuka kidogo, afu pale mbuzi alipojirusha kuruka, mshono unapaa juu kabisa mkono wa kulia. Ni ile grafu ya New York, Mama Glory. Imeshonwa kwa katani na mama yangu, na chini yake hakuna hata punje moja ya kahawa, nasema uongo, ilikuwepo moja, imekwama kwenye kimraba, imekauka mpaka imekuwa nyeusi.

Nikapiga picha kumi na tano kwa simu, mama anaulizia dirishani kama kuna nyoka.

Sasa sikia ujinga nilioufanya. Jumanne nikatuma skechi tatu kwa sababu wanapenda kuchagua: kichanja, mzani wenye gunia, na kile kikombe chenye mshale nikakiweka kujazia tu. Wakachagua kikombe! Nilikaa nikaiangalia ile meseji mpaka skrini ikazima yenyewe. Kosa langu, maana ukimpelekea mteja kitu usichokipenda umempa ruhusa ya kukinunua. Nikamjibu kwa adabu, nitachora kikombe ukitaka, lakini naomba uangalie hizi picha, nikambandikia mbili na maneno machache: huu ni wavu wa kukaushia kahawa, huu ni mshono, bei ilipopanda hapa palikuwa patupu. Sikumwambia ni kwa mama, nilionea haya kidogo. Akakaa kimya saa nzima, akaandika, sawa, ila theluthi ya juu niachie wazi kwa ajili ya kichwa cha habari, na hakikisha mtu anaelewa ni kahawa hata kama hajawahi kuona hicho kitanda.

Nacheka lakini alikuwa sahihi. Mtu wa London akiona wavu na miguu ya miti atadhani ni banda la kuku. Ile punje moja ndo ikaniokoa, nikaikuza, nikaiweka mwisho wa mshono pale juu kulia, ukiiona tu umejua ni kahawa na umejua imebaki moja. Na ile theluthi ya juu ikanilazimisha nikishushe kichanja, mshono upae mpaka karibu uguse herufi, ikawa bora kuliko nilivyowaza mimi. Bosi wa tai angesema "ongeza furaha".

Kuchora kwenyewe sina mengi ya kusema, ni siku moja na nusu na mgongo kuuma. Kila kitu leya yake, yaani tabaka lake peke yake, udongo, miti, wavu, kamba, punje, maana watasema tu sogeza hiki, ukiwa umechora vyote pamoja umekwisha. Rangi tatu tu: udongo mwekundu wa kwetu, kijivu cha waya, na njano ya katani. Nilitaka kuweka migomba nyuma nikaacha, kwa sababu kijani ya kwenye skrini inawaka ni mwanga ule, ukiipeleka kwenye zile wino nne za kuchapia inakuwa kama mchicha uliolala. Milimita 3 za ziada kila upande za kukatia, nukta 300 kwa inchi, mdogo wako avikariri hivo vitu viwili hata kabla hajanunua kalamu.

Alhamisi saa nane mchana umeme ukakatika. Tableti ina asilimia 14. Nikakimbilia kwa fundi simu mwenye sola pale kona ya Rau, nikakaa kwenye stuli katikati ya vioo vya simu vilivyopasuka nachora kamba ya katani nyuzi moja moja, na kuna mzee mmoja kaleta redio yake, akasimama nyuma yangu muda mrefu, akasema, "Hapo kwenye kona umekosea, wavu ukishonwa unajikunja." Nikaangalia picha kwenye simu. Ni kweli unajikunja! Nikarekebisha. Faili lilikuwa kubwa, bando langu likaishia katikati, fundi akanirushia intaneti yake, saa mbili kasoro dakika sita limefika. Mzee sijui hata jina lake.

Kuhusu mkataba, hapa mdogo wako asikilize vizuri. Hawa wamenunua matumizi ya mara moja, gazetini na kwenye tovuti yao, basi, mchoro bado ni wangu. Na imeandikwa wakighairi nikiwa nimeshaanza wananilipa nusu. Kwetu huku mtu akishakulipa laki moja anaona kanunua mpaka mkono, mwezi ujao unaukuta mchoro wako kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye gari la mizigo, ukiuliza anashangaa, "Si nilikulipa?" Mimi siku hizi naandika karatasi hata kwa rafiki, hata kwa kanisa, wananiona nina roho mbaya, sawa tu. Na akikutana na yule wa "si kompyuta inachora bure siku hizi", asibishane, amwache aende, kompyuta haijawahi kumpelekea mama dawa Kibosho.

Kozi asiache. Amalize, achore usiku. Nilikaa miaka minne nafundisha tuition asubuhi, wewe unajua.

Gazeti lilipotoka nikampelekea mama kwenye simu. Nilikuwa na kahotuba nimekaandaa, kuhusu jasho lake na dunia kuliona. Kavaa miwani, kakuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, kaangalia wee, akanirudishia simu. "Mimi nilikwambia uniletee wavu mpya tangu mwaka juzi. Badala ya kuleta umeenda kuwaonyesha watu tobo."

Basi nimeahidi wavu kabla ya Julai. Invoisi imeandikwa siku 30, leo ni ya 41, kesho nawakumbusha kwa adabu. Mdogo wako mlete Pasaka, michoro yake aje nayo kwenye karatasi sio kwenye simu, na wewe njoo na zabibu.

Ni mimi,
wa dawati la nyuma