Walimu waandaliwe kwa watoto wasiojua Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu watoto wanaochelewa kumudu stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK). Katika vijiji vya wafugaji, Ngorongoro kwa mfano, wapo wanaoanza shule wakijua Kimaasai tu, na mwalimu aliyepangiwa kutoka mbali hajui lugha hiyo. Mtoto anahesabu maharage kumi kwa lugha ya nyumbani bila kukosea. Akiulizwa kwa Kiswahili ananyamaza, na anaandikiwa kuwa hawezi. Huo ni uonevu.

Tayari tuna Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambapo walimu hukutana shuleni kujadili ufundishaji. Taasisi ya Elimu Tanzania iipe uzito humo mada ya kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili, na mwalimu aipitie kabla ya kukabidhiwa darasa la kwanza. Wazazi nao waalikwe wamfundishe mwalimu huyo namba na maamkizi ya kwao.

Mdau wa elimu,
Arusha