Salamu za Idi kwa waliofiwa na kwa wasioweza kuchinja mwaka huu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani zangu, mlioko hapa Dar es Salaam, nyumbani Tanga, Unguja na Mombasa, hadi mlioko Maskati na kwengineko, nawatakieni Idi njema yenye kheri na baraka. Mwenyezi Mungu azikubali funga zenu za Arafa, takbiri zenu na sadaka zenu. Awarejeshe mahujaji wetu salama, na hija yao iwe hija iliyokubaliwa. Aliyekosana na mwenziwe, basi mkono wa Idi uwe sababu.

Mwaka umekuwa mzito, hilo halihitaji shahidi. Mchele umepanda, mafuta yamepanda, nauli imepanda, na kipato kimekaa pale pale. Aliyepita mnada wa Pugu wiki hii ameona mwenyewe. Beberu ambaye zamani mtu wa kazi ya kawaida alimlipia na kuondoka naye, sasa inabidi akusanyiwe pesa tangu Mfunguo Mosi, na bado Mfunguo Tatu unaingia hazijatosha. Wapo miongoni mwetu waliozoea kuchinja kila mwaka, ila safari hii watakaa nyumbani wangoje kuletewa. Na kungoja kuletewa, kwa aliyezoea kupeleka, kuna uchungu wake.

Ndiyo maana salamu zangu za mwaka huu nimeziegemeza kwenye Suratul Kauthar. Ni aya tatu tu, fupi kuliko sura zote. Sote tuliihifadhi chuoni kabla hatujajua kufunga vifungo vya kanzu, na labda kwa sababu hiyo ndiyo tunayoikimbilia tukiwa na haraka, tukaimaliza bila kuisikia.

Sura hii, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ilishuka Makka, na sababu yake inayotajwa zaidi ni msiba. Mtume wetu (s.a.w.) alijaaliwa na Bi Khadija watoto wa kiume, Qasim na Abdallah, na wote walifariki wakiwa wadogo. Makureshi walihesabu utu wa mtu kwa wanawe wa kiume. Basi akasimama Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wao, akasema: mwacheni huyo, ni abtar, amekatikiwa, akifa hatakuwapo wa kumtaja. Riwaya nyingine zinalinasibisha neno hilo na Abu Lahab au Uqba bin Abi Muayt. Msemaji yeyote awaye, baba amefiwa na mwanawe, na watu wa mji wake mwenyewe wanafurahia.

Sasa tazameni jinsi Mola alivyomjibu mja wake. Hakuanza na adui. Alianza na kipawa: Hakika tumekupa Kauthar. Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, amepokea kwamba Kauthar ni mto ambao Mtume ameahidiwa na Mola wake, na kuna hodhi ambayo umma wake utaijia Siku ya Kiyama, vyombo vyake vingi kama nyota. Ibn Abbas, naye sahaba, alisema ni kheri nyingi alizopewa, na mwanafunzi wake Said bin Jubayr alipoulizwa habari ya mto akajibu kuwa mto huo ni sehemu ya kheri hizo. Adui amewekwa mwisho kabisa, aya ya tatu: hakika anayekuchukia ndiye aliyekatikiwa. Na hata jina hakutajwa. Aliyetaka kulifuta jina la mwenziwe ndiye lake lisilosomwa katika sura.

Na Mola hakuishia hapo. Al-As aliyejivunia wana, wanawe wawili, Hisham na Amr, walisilimu. Amr ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu kuingia Misri, na msikiti wa Fustat, Kairo ya kale, unabeba jina lake mpaka leo. Wale aliowategemea waendeleze ukoo wake walikaa katika tahiyatu wakimswalia yule aliyeitwa mkatikiwa.

Lakini kuna jambo ambalo kwenye mawaidha huwa tunalipita haraka, nami nataka tusimame hapo kidogo. Sura hii haikumrudishia Mtume watoto wake. Qasim alibaki kaburini, na Abdallah pia. Tena miaka mingi baadaye, Madina, akapewa Ibrahim kwa Bi Maria, naye hakumaliza hata miaka miwili. Mtume alimpakata akiwa anakata roho, macho yakamtoka machozi. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamwambia kuwa hayo ni rehema, kisha akasema kuwa jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwa hiyo anayewaambia wafiwa wasilie kwa kuwa wana imani, sijui imani hiyo ameisoma wapi.

Mtaniwia radhi, hapa nitasema la kwangu. Mwezi wa Rajabu nilimzika mwanangu, wa kiume peke yake niliyekuwa naye. Wengi wenu mlikuja, mkabeba jeneza, mkakesha, Mungu awalipe. Katika siku zile za matanga, mtu mzima mmoja, nami sitaki kuamini kuwa alikusudia ubaya, alinishika bega akaniambia: "Pole sana, sasa umebaki na wasichana tu." Mabinti zangu walikuwa wanapita na masinia ya chai. Walisikia. Yule mkubwa aliendelea kugawa vikombe kama hakusikia, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko neno lenyewe. Sikumjibu yule mtu. Isha ilipokimiwa, nilisoma Kauthar, nikafika aya ya tatu sauti ikakatika.

Jibu lilinijia siku nyingi baadaye, na nalitoa leo kwa kila aliyewahi kuambiwa neno kama lile. Watoto wa Mtume wote walitangulia mbele yake isipokuwa Fatma, naye alimfuata baada ya miezi michache. Masharifu wote wa mwambao wetu, wa Lamu, wa Pate, wa Unguja, wa Ngazija, wale tunaowabusu mikono na kuwaomba dua, nasaba yao inapanda na kupanda mpaka inafika kwa Fatma. Kwa binti. Allah alimjibu Al-As kwa mtoto wa kike. Nani basi anayethubutu kumwambia mzazi "wasichana tu"?

Aya ya pili ndiyo ya leo: basi sali kwa ajili ya Mola wako na uchinje. Sala kwanza, kisha kisu. Sahaba Abu Burda bin Niyar alichinja kabla ya sala ya Idi akaambiwa kuwa yule ni mbuzi wa nyama tu, akachinje tena. Na katika Suratul Hajj tumeambiwa kuwa nyama zake na damu zake hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Ndugu yangu ambaye mwaka huu mkono haufiki, hili ni lako. Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo wawili, na imepokewa kuwa alimkusudia mmoja kwa ajili ya wale wa umma wake wasiochinja. Umeshachinjiwa, tena na nani! Usikope kwa riba ili jirani aone damu mlangoni pako. Wenye uwezo mdogo shirikianeni, ng'ombe mmoja anatosha watu saba.

Na wewe uliyejaaliwa, mche Mola wako katika nyama hiyo. Kabla ya Kauthar katika msahafu kuna Suratul Maun, inayomtaja anayemsukuma yatima, na wanaosali kwa kujionyesha na kunyima hata kitu kidogo. Imam Fakhruddin ar-Razi, mfasiri wa Qurani, ameeleza kuwa Kauthar imekuja kuzikabili sifa hizo moja moja. Basi tusisali Kauthar asubuhi tukaishi Maun mchana. Usimpe masikini kwato na mifupa ukabaki na mapaja. Usimpige picha mjane akipokea kifurushi. Usimpange yatima foleni juani. Msiwaulize waliooana zamani "mtoto lini?" huku mnakula pilau yao. Msimwite mwanamke tasa, wala msimwite mtu mkiwa angali na Mola. Tutaulizwa habari ya ndimi zetu kabla ya kuulizwa habari ya mbuzi wetu. Tumche Allah, tumche Allah katika walioumia, maana kila mtaa una Al-As wake, na tuombe asiwe mmoja wetu.

Mimi mwaka huu nimo katika ng'ombe wa watu saba wa msikiti wetu. Fungu letu watagawa mabinti zangu, wote, baada ya sala.

Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu wetu, awaponye wagonjwa wetu, awafungulie riziki walio dhikini, na atukutanishe na vipenzi vyetu penye hodhi ya Mtume wake. Taqabbalallahu minna wa minkum. Kullu aam wa antum bikhair. Idi Mubarak.