Mbio fupi hazikuanza na Omanyala

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo nimeusoma miaka nenda miaka rudi bila kuinua kalamu, hata pale mlipoboronga majina ya watu. Lakini ile taarifa ya wiki jana, iliyodai kwamba kabla ya Ferdinand Omanyala sisi Wakenya tulikuwa wa mbio ndefu tu, imenishinda kumeza.

Omanyala namvulia kofia. Sekunde 9.77 alizokimbia mita 100 uwanjani Kasarani mwaka 2021 si mchezo. Ila mwandishi wenu alikuwa wapi Agosti 2015? Nicholas Bett aliwekwa njia ya tisa kule Beijing, fainali ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi. Wa njia ya tisa huanzia mbele kabisa kwa sababu ya kona, kwa hiyo hamwoni mpinzani yeyote. Anasikia vishindo tu. Bett akaruka vyote kumi na kukata utepe kwa sekunde 47.79. Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa dhahabu ya dunia katika mbio zisizofika mita 800. Tena muda huo ni bora kuliko 47.82 zilizompa jirani yetu John Akii-Bua wa Uganda dhahabu ya Olimpiki na rekodi ya dunia, Munich 1972. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio, Bett aliondolewa kwenye mchujo, lakini Boniface Mucheru akaleta medali ya fedha kwa sekunde 47.78, na pacha wa Bett, Haron Koech, alikuwa kwenye fainali hiyo hiyo. Kisha tarehe 8 Agosti 2018, siku chache tu baada ya kurudi kutoka mashindano ya Afrika kule Asaba, Nigeria, Bett akafa katika ajali ya barabarani huko Nandi. Mstari mmoja kwa marehemu umewashinda?

Mimi hufundisha michezo katika shule moja ya Eastlands. Viunzi vyetu ni mabenchi ya gredi ya nne. Muhula uliopita niliwaahidi watoto kwamba angalau Jumamosi moja wataruka viunzi vya kweli, nikakodi matatu kwa hela zangu, tukaenda kwenye uwanja mmoja wa umma hapa jijini. Askari wa getini akataka barua. Barua nikampa. Akasema stoo imefungwa na mwenye ufunguo ameenda mazishini. Nikawa najiandaa kuwapa watoto pole, msichana mmoja akanivuta shati: "Mwalimu, si ni vile pale?" Kweli, vilikuwa nje juani, vimepangwa mstari kuzunguka magari ya waheshimiwa waliokuja mkutanoni, vimefungwa pamoja kwa waya. Kimoja ubao wake umepasuka katikati na kuviringishwa gunia. Juu ya kingine dereva ameanika koti lake. Nilipoomba nifunguliwe hata vitatu, nikaulizwa nimetumwa na nani kuvuruga mkutano.

Na nyinyi msijifiche nyuma ya waheshimiwa. Jumatatu nzima ni Ligi ya Uingereza: nani kaumia goti, kocha gani kanuna, halafu pembeni utabiri wa mechi ili vijana wasuke mikeka ya kamari. Wanafunzi wangu wanajua mshahara wa kipa wa akiba wa London, ila jina la Bett wamelisikia kwangu. Mmoja aliniuliza kama ni kampuni ya kamari. Sikucheka.

Dawa yake si kubwa. Ufunguo wa stoo utundikwe kwenye msumari ndani ya kibanda cha askari, kimo ambacho hata mtu mfupi anakifikia, mazishi yawepo yasiwepo. Mheshimiwa anayetaka gari lake lizungushiwe uzio aje na kamba. Na mwandishi wenu akipata nafasi, karibu kwetu Jumamosi yoyote saa moja asubuhi. Tunapima kwa hatua: mita 45 hadi benchi la kwanza, kisha 35 kutoka benchi hadi benchi, na uwanja ukiisha tunapinda kona kwenye choo cha wavulana. Aje na raba. Gari aliache ofisini, mabenchi yetu hayatoshi kulizungushia.

Mwalimu wa michezo,
Umoja, Nairobi