Mshahara wa nje mmeuchapa, gharama za kuhama je?

Ndugu Mhariri,

Hongereni kwa makala yenu ya walimu wanaotafuta kazi nje ya nchi, imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka imechosha. Mimi ni mhasibu kwenye saccos ya walimu hapa Dar na tangu itoke watu wanamiminika ofisini kuulizia mkopo wa kuhamisha familia, na kila anayekuja anakuja na namba yenu ile ile, mshahara wa huko uliogeuzwa kuwa shilingi. Namba ya pili hana. Ukimuuliza mwalimu, haya, kabla hujapokea huo mshahara wa kwanza unatakiwa utoe shilingi ngapi mfukoni, anakuangalia kama umemtukania kazi.

Ndo maana naandika. Ile namba moja mliyochapa ni ya kweli lakini peke yake inapoteza watu.

Tuchukue Uingereza maana ndo wanaoulizia wengi. Mwalimu mwenye sifa zinazotambulika kule England, nje ya London, ngazi ya chini kabisa ya mshahara kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 32,916 kwa mwaka. Gawa kwa 12 unapata pauni 2,743, badilisha kwa bei ya bureau unaongelea kama milioni tisa kwa mwezi, na mtu wa Mbagala akishasikia milioni tisa hakuna kingine utakachomwambia kikaingia. Ila hiyo haijakatwa. Kuna kodi, asilimia 20 kwa kila pauni inayozidi 12,570 kwa mwaka, kuna bima yao ya taifa asilimia 8, kuna pensheni ya walimu, mkononi inabaki kama pauni 2,100 hivi. Na hizo 2,100 huzili kwa bei za soko la Tandika, unazila kwa bei za huko, kodi ya nyumba kwa pauni, umeme kwa pauni, nauli kwa pauni. Kuzigeuza shilingi kunakusaidia pale tu unapotuma hela nyumbani, kwingine kote unajidanganya.

Sasa kuna hii ada ya afya ambayo makala yenu haikuigusa kabisa. Anayeombewa viza ya kazi Uingereza analipia huduma ya afya ya serikali kabla hajaondoka, mtu mzima pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mtoto pauni 776, na hulipi kidogo kidogo, unalipa miaka yote kwa mkupuo siku unayojaza maombi. Wafanyakazi wa afya wamesamehewa, walimu hapana. Baba, mama, watoto wawili, viza ya miaka mitatu, fanyeni hesabu wenyewe, pauni 10,866. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30, ada ya viza yenyewe bado hujaigusa, tiketi bado. Ukinyimwa viza, hii ada ya afya wanarudisha, ila ada ya viza hairudi. Wapo waajiri wanaomlipia mwalimu, wachache wanalipia na familia, wengine hawalipi hata senti, na hilo unaliuliza kabla hujasaini sio baada ya kuaga ofisini.

Alafu kuna hela ya kuonyesha kwenye maombi ya viza. Kama mwajiri hajathibitisha kwamba atakutunza mwezi wa kwanza, unatakiwa uwe na pauni 1,270 kwenye akaunti, ongeza 285 za mwenza, 315 za mtoto wa kwanza, 200 kwa kila mtoto anayefuata, na zikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Familia yetu ya watu wanne ni pauni 2,070 zimelala tu. Kuna mwalimu aliniambia kabisa, dada si nachukua mkopo wa kausha damu nairudisha baada ya mwezi. Nikamwambia mwalimu, hiyo hela itakaa benki siku 28 na riba yake itakaa kwako mpaka Pasaka.

Vingine sitavichambua sana. Pasipoti ni 150,000 kila kichwa, mtoto mchanga naye anahesabiwa. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa (wengi hapa ndo tunagundua ndoa haijasajiliwa), kipimo cha TB, na kule ukifika mwenye nyumba anataka amana, sheria ya England inamzuia asidai zaidi ya wiki tano za kodi kwa nyumba za kawaida, lakini wiki tano pamoja na mwezi wa kwanza ni hela, na mshahara wa shule unaingia mwishoni mwa mwezi.

Wanaosema basi twende Dubai au Abu Dhabi, sawa, kule mshahara haukatwi kodi ya mapato na ada ile ya afya haipo. Ila kule kinachomeza hela ni shule ya watoto. Uingereza mtoto anaingia shule ya serikali bure, Emirates watoto wa wageni wengi wanasoma shule binafsi za kulipia, na ada ya watoto wawili watatu inaweza kula mshahara wa mwalimu ukabaki mifupa. Shule nyingi zinawapa walimu wao punguzo, swali ni la watoto wangapi, na je mkataba unatoa nyumba au posho ya nyumba, tiketi za nani, bima ya nani. Ukiambiwa "bima ipo" uliza kama ni ya kwako peke yako. Na ukiwa unapanga mwenyewe, kule kodi ya mwaka inalipwa kwa hundi chache, moja, mbili, nne, kwa hiyo sisi tuliozoea kulia na mwenye nyumba wa Kinondoni anayetaka miezi sita tutajisikia nyumbani. Pia ili umlete mwenza na watoto lazima mshahara wako ufike dirham 4,000, au 3,000 kama nyumba unapewa na kazi.

Lakini Mhariri mimi kinachoninyima raha zaidi ni madeni yanayobaki huku, maana hayo yapo kwenye mafaili yangu. Mwalimu wa serikali akienda kwa likizo bila malipo mshahara unasimama, na makato yaliyokuwa yanaondoka humo kimya kimya nayo yanakosa pa kutokea. Mkopo wa benki upo pale pale. Wa saccos upo. HESLB, wale wa mikopo ya elimu ya juu, walikuwa wanakata asilimia 15, sasa utatakiwa ulipe mwenyewe kutoka huko uliko, na mchango wa pensheni nao unakatika. Walimu wetu wengi slipu zao za mshahara zimeshafika theluthi, yani zimekatwa mpaka imebaki theluthi moja, pale sheria inaposema inatosha, kwa hiyo mtu anahama na familia huku nyuma ana marejesho ya laki tano sita kila mwezi na haya hayapo kwenye bajeti yake ya "ng'ambo" hata kwa mstari mmoja. Asipolipa wanakatwa wadhamini. Madam mmoja wa shule ya jirani amewadhamini wenzie, mmoja kaondoka na simu haipatikani, sasa madam anakatwa kwa safari ambayo hata ubuyu wa uwanja wa ndege hakuuonja.

Siku hizi ofisini kwetu anayetaka kusafiri tunamwambia alete kwanza mpango wa marejesho kwa oda ya benki kutoka huko na mdhamini aliyesaini akijua mtu anaondoka. Wanatuona wakoloni. Sawa tu.

Maoni yangu mimi, aende mmoja kwanza. Najua maneno yatakayosemwa, kuna watu wa kanisani na msikitini wataanza kuuliza ndoa inaendaje, na ni kweli kulisha nyumba mbili sio mchezo. Lakini kwa Uingereza mwenza na watoto wanaweza kuomba baadae, na kwa kuwa viza yao inaisha pamoja na ya mwalimu ile ada ya afya wanalipia muda uliobaki tu, kwa hiyo wakichelewa mwaka kuna hela inaokolewa, na mwalimu anakuwa ameshaijua kodi ya nyumba kwa macho yake. Hata makochi na friji za hapa hamtauza kwa bei ya msiba ndani ya wiki mbili. Na hiyo sherehe ya kuaga yenye kamati na sare, jamani, michango ya sherehe ingetosha tiketi, badala yake inaishia kwenye ukumbi wa Sinza na MC.

Kuna na hawa mawakala. Wakala wa ajira za nje anatakiwa awe na leseni, TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wapo, ulizeni kabla ya kutoa hata buku. Na akikutajia bei kwa dola hapa hapa Dar mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Akikasirika umeshapata jibu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkichapa tena mshahara wa nje, chini yake wekeni kibox: familia ya watu wanne inalipa kiasi gani kabla ya kupanda ndege, kipi analipa mwajiri na kipi mwalimu, na mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi. Kama ukurasa wa mbele umejaa wekeni hata nyuma kule karibu na msimamo wa ligi, walimu wangu wote gazeti wanaanza kulisomea huko.

Mama Neema,
Tabata, Dar es Salaam