Tumchangie Mwalimu wa Kemia Safari ya Mombasa: Zimebaki Shilingi 20,000

Mwalimu Mkuu, wazazi wetu na wanafunzi wa zamani, hamjambo.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Tangi la lita 10,000 lililo nyuma ya bweni ni jasho lenu, na rangi yake haijafifia. Lakini maabara imetufikisha hapa.

Kidato cha Nne wako 48. Bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia asidi na alkali, ziko 11, na sita zinavuja kwenye koki. Sababu inajulikana: alkali ikilala ndani, koki ya kioo hunata, ikilazimishwa, hukwaruzika, mkwaruzo ukipakwa vaselini nyingi, tundu huziba. Mwanafunzi anasoma mililita 24.6, kumbe sehemu ya asidi hiyo iko mezani. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, kipimo chake hulinganishwa na alichopata mwalimu wake. Wakipishana kwa zaidi ya mililita 0.2, alama ya usahihi imekwenda, hata kama hesabu zake ni safi.

Kongamano la walimu wa sayansi la likizo ya Agosti, Mombasa, limetenga siku mbili za kutengeneza koki na kufanya majaribio ya kiwango kidogo kwa bomba la sindano la mililita 5. Titresheni tatu (kupima asidi kwa alkali) za pipeti ya mililita 25 humaliza mililita 75 kwa kila mwanafunzi, yaani lita 3.6 kwa darasa, mbali na ya kusuuzia. Kwa sehemu moja ya kumi, ni mililita 360 tu. Mtihani bado ni wa bureti, kwa hiyo hatuzitupi: mazoezi ya kila wiki yafanywe kwa bomba la sindano, zile bureti tano nzima zipumzike. Kazi hii haisomwi kwenye karatasi, ni ya mkono.

Gharama: usajili 8,000, treni ya SGR daraja la kawaida, kwenda na kurudi, 3,000, nauli ya matatu 2,400, malazi usiku nne 10,000, chakula 3,000. Jumla 26,400. Idara ya sayansi imeshatoa 6,400. Baada ya Ijumaa usajili unapanda hadi 10,000, na tiketi za treni za Agosti huisha mapema.

Mwalimu Mkuu, mkutano wa walimu wakuu hukufikisha Mombasa kila mwaka, na hurudi na mengi ya kutuambia. Safari hii tunaomba bodi imtume mwalimu wa darasani. Hakuna kipindi kitakachopotea. Ndani ya wiki mbili baada ya kurudi atawafundisha walimu wenzake, na mlango wa maabara utakuwa wazi kwa mzazi yeyote.

Pesa zipitie akaunti ya shule, maelezo yakiwa KEMIA; asipewe mtu mkononi. Majina na risiti vitabandikwa nje ya ofisi ya mhasibu. Mungu awazidishie. Mwenye mabomba mapya ya sindano ya mililita 5, bila sindano zake, naye ayalete: tunahitaji 48, na ya akiba machache, kwa maana mpira wa ndani huvimba.