Zamu ya saa nne usiku

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Joan,

Hamjambo huko Sakina? Sisi hatujambo, mvua inatosha na migomba inapendeza. Salamu nyingine tutazimalizia kwenye simu, maana nina jambo. Baba Eliya amerudi kutoka kwenu anasema mdogo wako Aika halali. Wiki ya tatu sasa tangu mtoto wake atoke wodini, na usiku kucha yuko peke yake na ule mpira wa kumlishia mtoto, unaopita puani hadi tumboni. Watu wanaleta sukari na sabuni, wanatoa pole, wanaondoka. Wamefanya vema, lakini anachokosa Aika ni mtu wa pili anayejua kulisha.

Na kulisha kunafundishika, Mama Joan. Mlo mmoja tazama, unaofuata shika wewe yeye akitazama. Kabla ya tone lolote, angalia alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingia puani. Imesogea? Msilishe. Haijasogea, vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, dondoshea kwenye kikaratasi cha pH, kile cha kupimia asidi. Ikisoma 5.5 au chini yake, mpira uko tumboni. Majimaji yasipotoka, mlazeni mtoto kwa ubavu wa kushoto, mvute tena baada ya dakika 15 hadi 30. Bado? Hospitali, msibahatishe.

Nasikia Aika anapuliza hewa na kutega sikio tumboni. Mwambie aache, ila kwa upole, asije akadhani analaumiwa. Mlio ule unaweza kusikika hata mpira ukiwa kwenye njia ya hewa, na maziwa yakiingia mapafuni yanaweza kuua. Kutumbukiza ncha kwenye maji kutafuta mapovu nako hakuaminiki.

Wakati wa kulisha, inueni kifua na kichwa pamoja. Mto chini ya kichwa peke yake unamkunja shingo. Toeni kisukumio cha bomba la sindano, bomba lisimame wima juu kidogo ya mtoto, maziwa yashuke yenyewe kwa dakika 20 hadi 30. Yakienda mbio, shusha bomba. Yakisuasua, liinue kidogo. Usisukume, atatapika. Akikohoa sana au midomo ikibadilika rangi, acha papo hapo. Akimaliza, akae ameinuka walau nusu saa.

Halafu bibi na mtori wake wa ndizi. Najua ni upendo, lakini mpira wa mtoto ni mwembamba kama mrija wa wino ndani ya kalamu, na nyuzi za ndizi zinauziba. Apewe kile alichoandikiwa tu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 5 hadi 10, yapite kabla na baada ya kila mlo, na katikati ya dawa moja na nyingine, isipokuwa kama wodini walimwandikia kiasi kingine. Ukiziba, maji ya uvuguvugu, vuta na rudisha taratibu. Soda hapana, waya hapana kabisa. Ukichomoka, asiurudishe mtu ambaye hakufundishwa.

Narudi kwenye usiku. Aika amuulize mtaalamu wa lishe kama milo inaweza kupangwa wa mwisho uwe saa nne usiku na wa kwanza saa kumi na mbili asubuhi, bila kupunguza jumla ya siku. Ikikubalika, mtu akimshikia ule wa saa nne mara mbili kwa wiki, atalala tangu saa mbili.

Je, wewe unaweza Jumanne? Mama Upendo bado yuko jirani? Baba wa mtoto ameshawahi kulishika lile bomba, au anaogopa? Vikaratasi vya pH vimebaki vingapi, na ana mpira wa akiba? Plasta ya shavuni inahamishwa upande, au ngozi imeshachubuka? Na Aika mwenyewe, anakula?

Nijibu hata kwa ujumbe mfupi.

Wako,
Mama Eliya