Kabla ya blitzi ya Jumamosi
Habarini wadau wa sataranji. Jumamosi tunacheza blitzi, yaani sataranji ya haraka: dakika 3 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua, kama ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE (shirikisho la sataranji duniani). Kwa hiyo zile gemu za dakika 1 ziwekeni kando kwanza, zinazoesha vidole tu.

Nimepitia gemu zenu za Lichess, ile tovuti ya kuchezea sataranji. Wengi mnamaliza dakika nzima kwenye hatua kumi za mwanzo, mtu anawaza atoe farasi yupi! Shika ufunguzi mmoja wa nyeupe na mmoja wa kujibu e4, yaani nyeupe akianza kwa kusogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili (ufunguzi wa Caro-Kann unatosha kabisa), uuzoee. Dakika hiyo utaihitaji katikati, kete zikianza kulana.

Halafu jamani, mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu bado tunatoka sare? Fanyeni mazoezi mpaka mumfunge kwa zile sekunde 2 za nyongeza peke yake.

Mkono uliosogeza kete ndio unaobonyeza saa. Wa mikono miwili mnajijua 😄

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi usiku. Mwenye saa ya ziada aje nayo.